Tuzo, Ujira na Chambo katika Michezo ya Simu

Katikati ya mwaka 2024, abiria wa matatu kati ya Keroka na mji wa Kisii hakuweza kukosa kumwona kijana akiigonga simu yake kwa vidole vitatu, mfululizo, kama mtu apigaye ngoma isiyotoa sauti. Aghalabu alikuwa akicheza Hamster Kombat, mchezo ulioanza mwezi wa Machi mwaka huo ndani ya mtandao wa Telegram. Mchezaji alitakiwa aiguse picha ya mnyama mdogo wa jamii ya panya, akusanye alama, azitumie kununulia kadi za kumwongezea mapato ya kila saa, arudi baada ya saa tatu kuyachota mapato hayo, na awaalike wenzake wajiunge. Ustadi haukuhitajika. Malipo yalikuwa ahadi: kwamba siku moja alama hizo zitageuzwa kuwa sarafu ya kidijitali, ambayo mwenye nayo ataweza kuiuza na kupokea shilingi kwenye simu yake.

Siku hiyo ilifika tarehe 26 Septemba 2024. Wenye mchezo walikuwa wamejigamba kwamba wana wachezaji milioni 300. Kwa tangazo lao wenyewe, waliostahili mgao walikuwa milioni 131, na milioni 2.3 walifutwa kwa madai ya udanganyifu. Wengi waliopata walipata fungu la kununulia chakula cha siku moja au mbili, nayo bei ya sarafu yenyewe ikaporomoka katika majuma yaliyofuata. Miezi sita ya kugonga kioo ikaishia hapo.

Yamkini mwalimu asomaye ukurasa huu atauliza mchezo wa panya unahusiana vipi na elimu, na tena mwanaisimu anatafuta nini humo. Jawabu la swali la kwanza ni kwamba waliokuwa wakigonga ni wanafunzi wetu: wale wa vyuo wakati wowote, na wale wa sekondari za bweni kila wanapofunga shule na kuzipata simu za wazazi wao. Jawabu la swali la pili litajitokeza katika maneno yenyewe.

Baada ya mgao ule nilisikia malalamiko kutoka pande mbili. Wenye michezo ya aina hii husema kwamba mifumo yao ya tuzo inanyonywa na wachezaji wajanja: mtu mmoja hufungua akaunti hamsini, huweka programu ya roboti igonge usiku kucha, hujialika mwenyewe kwa majina ya bandia, kisha huja siku ya mgao na mafungu hamsini. Wachezaji nao husema kwamba wao ndio walionyonywa: walitoa saa zao, wakawaleta rafiki zao, wakaongeza idadi ambayo kampuni iliitumia kuuza matangazo, kisha wakaambiwa vigezo vya mgao mchezo ukiwa umeshaenda mbali. Lawama ni mbili, zinakwenda kinyume, na zote zinatumia kitenzi kimoja.

Kiswahili hakikulizoea neno hili kwa maana ya kwanza. Mtoto mchanga hunyonya ziwa la mama yake, na hapo hapana kosa. Kupe hunyonya damu ya ng'ombe, na hapo pana madhara. Unyonyaji kama neno la siasa na uchumi lilienea mno baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na tangu hapo mnyonyaji katika lugha yetu ni mwenye nguvu na mnyonywaji ni mnyonge. Kwa Waingereza neno lilo hilo humfaa pia mchezaji aliyeona ufa katika kanuni akapenya. Sisi tuna maneno mengine ya mtu huyo: mjanja, mwenye hila, laghai. Tukikubali kuita kila kitu unyonyaji, tutamweka kijana wa Nyansiongo mwenye laini tano za simu katika mizani moja na kampuni yenye wachezaji milioni 300, na hapo mazungumzo ya kuzuia yatakuwa yamekwisha kupotoka kabla hayajaanza.

Kuna maneno mengine matatu yanayostahili kutenganishwa. Tuzo linatokana na kutuza, yaani kumpa mtu kitu kwa sababu ameimba vizuri au amecheza ngoma vizuri. Mtu hutuzwa hadharani, na watu wote huona alichokifanya. Ujira ni malipo ya kazi kwa kadiri ya kazi. Chambo ni kitu kinachotiwa kwenye ndoana. Michezo mingi ya mtandaoni huita tuzo kile ambacho kwa hakika ni ujira, na mingine huita tuzo kile ambacho ni chambo. Sababu ya kusisitiza tofauti hii ni ya kivitendo kabisa. Mtu hawezi kutuma roboti iende ikatuzwe kwa niaba yake mahali ambapo ustadi wake unatazamwa. Lakini palipo na ujira wa kugonga, mwenye simu hamsini ni kibarua mwenye mikono mingi, na kumwita mwizi ni vigumu. Palipo na chambo, samaki anayejua kula chambo bila kumeza ndoana ana kosa gani?

Wakulima wa Kisii na Nyamira hawahitaji kompyuta ili waelewe jambo hili. Kwa miaka mingi wamekuwa ndani ya mfumo wa malipo ulio mgumu kuliko mchezo wowote wa simu, nao ni wa majani chai. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa kilo, kisha mwishoni mwa mwaka wa biashara hupokea bonasi kulingana na bei ambayo chai ya kiwanda chake ilipata, hasa katika mnada wa Mombasa. Malipo ya kilo peke yake yangemtuza mwenye uzito: mtu angechuma majani yaliyokomaa, mashina na yote, akayaloweza maji njiani. Kwa hiyo karani wa kituo hukagua kwanza kama ni majani mawili na kichipukizi, na ndipo apime. Bonasi nayo humfanya mkulima ajali ubora, kwa sababu gunia la jirani lililojaa takataka litapunguza bei ya chai ya wote. Huo ni ubunifu mzuri wa tuzo. Pareto ilikuwa na wake: maua yalilipwa kwa kadiri ya sumu ya kuua wadudu iliyopatikana ndani yake, wala uzito wa maua peke yake haukutosha.

Hata hivyo, tazama kilichotokea. Malipo ya pareto yalipocheleweshwa mwaka baada ya mwaka, wakulima waliing'oa na kupanda vitu vingine. Katika chai, kila bonasi inapoonekana ndogo au mgao wake unapotiliwa shaka, wachuuzi wa majani mabichi hustawi. Hao hununua kwa pesa taslimu, leo leo, na hawajali sana kama jani ni la pili au la tano. Viongozi wamewaita wachuuzi hao maadui wa zao la chai kwa miongo kadhaa, na misako imefanywa, lakini uchuuzi haujakoma. Sababu yake naiona hivi: mkulima asiyeamini kwamba tuzo ya Oktoba itakuja kwa haki huchukua ujira wa leo, na hakuna askari wa kutosha katika kaunti zote mbili wa kulinda kila kichaka cha chai. Mfumo wa tuzo hulindwa kwanza na imani ya wale wanaoutumikia. Imani hiyo ikiondoka, hila hugeuka kuwa busara ya kawaida ya nyumbani.

Turudi kwenye michezo. Wale waliounda michezo mikubwa ya mtandaoni walikwisha kujaribu dawa nyingi, na historia yao ina mafunzo kwa mtu yeyote anayetunga kanuni za tuzo, hata kama ni za shule.

RuneScape, mchezo wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ulianza mwaka 2001. Dhahabu ya ndani ya mchezo ilianza kuuzwa nje kwa pesa halisi, na wachimbaji wa kulipwa wakaujaza mchezo. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, Jagex iliamua kukata mzizi: ikaweka mipaka mikali hata mchezaji asiweze kumpa mwenzake kitu cha thamani bila kupokea kitu cha thamani inayokaribiana. Wachimbaji walibanwa. Lakini wachezaji waaminifu pia hawakuweza kumpa rafiki zawadi wala kumkopesha mgeni upanga, na wengi waliondoka. Februari 2011, baada ya kura ya wachezaji wenyewe, biashara huru ilirudishwa. Miaka michache baadaye, uchumi wa Venezuela ulipoanguka, vijana wa huko walipata riziki kwa kuua majoka katika toleo la zamani la mchezo huo na kuiuza dhahabu. Kwa mchezaji wa London walikuwa kero iliyoharibu mchezo. Kwa mama zao walikuwa watu waliorudi nyumbani na chakula. Kila ninapofundisha maana na muktadha, mfano huu hunisaidia kuliko mingine.

Blizzard ya Marekani ilijaribu njia nyingine. Katika Diablo III, uliotoka mwaka 2012, kampuni yenyewe ilifungua mnada ambamo wachezaji waliuziana silaha kwa pesa halisi, ikitumaini kwamba biashara ya magendo itakufa ikihalalishwa. Mnada uliua kitu kingine. Raha ya mchezo ilikuwa kumpiga zimwi na kuona limeangusha nini. Sasa mtu mwenye kadi ya benki alinunua silaha bora kabla ya kukutana na zimwi. Machi 2014 mnada ulifungwa. Nawaheshimu kwa hilo, kwa kuwa waliondoa kitu kilichowaingizia pesa baada ya kuona kwamba kinaharibu maana ya tuzo.

Mfano wa tatu ni Axie Infinity, wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, na huu ndio unaofanana zaidi na yale yaliyotufikia. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, maelfu kwa maelfu ya Wafilipino waliucheza kama kazi. Ili uingie ulihitaji kununua wanyama watatu wa kidijitali, na bei yao ilikuwa imepanda hata maskini hawakuiweza. Wenye mitaji wakanunua wanyama wengi na kuwakodisha wachezaji kwa mapatano ya kugawana mapato. Wachezaji hao waliitwa wanafunzi wa ufadhili! Hapo neno tunaloliheshimu vyuoni lilivalishwa kibarua cha nusu kwa nusu. Sarafu waliyoipata kwa kucheza haikuwa na kikomo cha kutolewa, na kwa muda mrefu matumizi yake makubwa yalikuwa moja tu, kuzalisha wanyama wapya wa kuwauzia wageni. Chemchemi ilibubujika mchana na usiku, na mfereji wa kutolea maji ulikuwa mmoja tena mwembamba. Wageni walipopungua, sarafu ilishuka thamani mpaka ikawa senti. Februari 2022 kampuni iliondoa tuzo za kucheza peke yako ili kupunguza mafuriko, na mwezi wa Machi wezi wa mtandaoni wakaiba mali ya zaidi ya dola milioni 600 kutoka kwenye daraja lake la kuhamishia fedha. Katika mchezo ule, ni nani aliyenyonya mfumo? Roboti zilikuwapo, na akaunti za bandia zilikuwapo. Lakini lau kila mchezaji angekuwa malaika, hesabu ile ingeanguka vilevile, kwa sababu tuzo ya wa jana ililipwa na kiingilio cha wa leo.

Nakuja sasa kwenye dawa inayopendekezwa zaidi siku hizi, ile ya utambulisho. Hoja yake ni nyepesi: tatizo likiwa ni mtu mmoja kujifanya hamsini, hakikisha kwamba kila mtu ni mmoja. Wazee wetu wa Gusii walikuwa na risaga, kazi ya ushirika ambapo majirani walilima shamba la mwenzao kwa zamu, na mwenye shamba akawaandalia pombe au chakula. Katika risaga mtu hakuweza kuja mara tisa. Aliyeshika jembe alionekana, na asiyekuja pia alijulikana, na haya ambayo Mkisii huiita chinsoni ilimzuia mtu asile jasho la wengine mbele ya baba mkwe. Mtandao hauna baba mkwe. Kwa hiyo hutafuta kitu badala yake: namba ya simu, kitambulisho, alama ya kidole.

Namba ya simu imeonyesha udhaifu wake papo hapo. Telegram hudai namba kwa kila akaunti, basi vijana wakatafuta namba. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alikuwa akiendesha akaunti tisa wakati wa homa ya panya, na laini tatu kati ya hizo zilikuwa za jamaa zake wa kijijini huko Nyamira, mojawapo ya bibi yake. Bibi huyo amesajiliwa kupata mbolea ya ruzuku ya serikali, na taarifa ya mbolea hutumwa kwa ujumbe mfupi. Laini ilikuwa Kisii mjini katika simu ya mjukuu, ujumbe ukafika huko, ukafutwa pamoja na matangazo. Alikuja kugundua wakati wa kupanda mahindi umekwisha pita. Kijana alinieleza haya kwa uchungu, na sina haja ya kumwongezea fimbo. Ninachotaka kionekane ni kwamba gharama ya hila ya mtandaoni ilimwangukia mtu ambaye hajawahi kuugusa mchezo wenyewe.

Utambulisho wa mwili nao tuliuona mwaka 2023. Worldcoin iliweka vituo Nairobi na kwingineko, na mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti maelfu ya watu walipanga foleni katika jumba la KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mtambo mviringo kama mpira, wapokee sarafu za thamani ya takriban shilingi 7,000. Lengo lililotangazwa lilikuwa hilo hilo tunalolijadili: kuthibitisha kwamba kila apokeaye ni binadamu, tena mmoja. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ilisimamisha shughuli hiyo, Bunge likaunda kamati ya kuichunguza, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru zifutwe katika siku saba. Wale waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakiulizwa wanauza nini, wakajibu kwamba hawauzi chochote, wanapewa bure. Hapa ndipo chambo kilipofikia ukamilifu wake: dawa ya kuzuia ulaghai wa tuzo ilikuwa yenyewe ndiyo tuzo, na bei yake ilikuwa jicho. Kwa hiyo kila ninaposikia kampuni ya michezo ikisema italeta utambulisho mkali ili kuwazuia wajanja, swali langu la kwanza ni hili: kwa nini tuzo yenu imejengwa hivi kwamba haiwezi kulindwa bila jicho la mtoto wangu?

Walimu wana sababu nyingine ya kulitafakari jambo hili, kwa kuwa wanaishi ndani ya mfumo wa tuzo unaojulikana nchi nzima. Naam, nazungumza juu ya mtihani. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, kupanda kwa shule kadhaa za Kisii na Nyamira kulizua mjadala mkali wa kitaifa, na Kamati ya Elimu ya Bunge ikafanya uchunguzi. Wengi wetu wa huku tuliumia kuona bidii ya watoto wote ikitiwa doa kwa jina la eneo. Sitaingia katika nani alifanya nini. Lakini hebu tutazame muundo, kwa macho yale yale tuliyotazamia michezo. Gredi moja ya siku chache hufungua mlango wa chuo, hupandisha jina la shule, huleta karo za mwaka unaofuata, na humpandisha mwalimu mkuu cheo. Tuzo zote zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Mtunga michezo yeyote mwenye uzoefu angekwambia, hata kabla ya kuonyeshwa darasa, kwamba msumari huo utavutwa.

Nchi hii ilikwisha kuonyesha kwamba muundo ukibadilishwa tabia nayo hubadilika. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka 2016, chini ya Waziri Fred Matiang'i, ambaye ni mzaliwa wa Nyamira, walimu wakuu walifanywa wasimamizi wa vituo na kuwajibika wao wenyewe, makontena ya mitihani yakawekewa ulinzi na utaratibu wa kufunguliwa, na ziara za kuwaombea watahiniwa katika muhula wa tatu zikapigwa marufuku. Gredi za A zikashuka kutoka 2,685 hadi 141. Wapo waliodai kwamba utoaji wa alama wenyewe ulibadilika pia, na ubishi huo una haki yake. Walakini ufa ulizibwa kwa kumfanya aliyeshika ufunguo ajibu kwa ufunguo, jambo ambalo kufuta matokeo ya watoto baada ya tendo halikuwahi kulifanya. Kisha miaka ikapita, tuzo ikabaki kwenye msumari ule ule, na wajanja wakajifunza saa za kontena. Ulinzi bila kuipunguza tuzo yenyewe humchosha mlinzi kuliko mwizi.

Basi kwa michezo ya mtandaoni naona mzigo wa kuzuia uanzie kwa mwenye ufunguo. Mwenye mchezo na atangaze vigezo vya mgao kabla mtu wa kwanza hajagonga kioo, na asivibadilishe katikati. Akimfuta mchezaji kwa udanganyifu, amweleze kosa na ampe pa kukata rufaa kwa mtu mwenye masikio, milioni 2.3 ni idadi kubwa kuliko wakazi wa Kisii na Nyamira wakijumlishwa, na siamini kwamba kila mmoja wao alikuwa laghai. Tuzo ndogo zitolewe polepole kwa muda mrefu, badala ya donge moja la siku moja linalofanya akaunti hamsini ziwe na faida. Mialiko isilipwe. Hili la mwisho lingeua nusu ya hila zote, kwa sababu malipo ya kuleta watu ndiyo yanayozaa watu wa bandia. Wenye michezo hawatalipenda, kwa kuwa ndilo linalowaletea watu wa kweli pia, na hapo ndipo utakapojua kama walichokuwa wakigawa ni tuzo au chambo.

Serikali nayo ina vyombo. Mwaka 2025 ulituletea Sheria ya Kudhibiti Michezo ya Kamari na Sheria ya Watoa Huduma za Mali ya Kidijitali. Ya kwanza inaitazama bahati nasibu na dau. Ya pili inaitazama sarafu na wanaoziuza. Mchezo wa kugonga panya huteleza katikati: mchezaji haweki dau la pesa, na alama zake bado si sarafu. Anachoweka ni saa zake, namba yake na majina ya rafiki zake. Kanuni za sheria hizo hazina budi kuigusa hatua hiyo ya katikati, ahadi inapotolewa na kabla haijageuzwa kuwa fedha, hasa pale anayeahidiwa ana umri chini ya miaka 18.

Kwa walimu wa Kiswahili na wa masomo ya biashara nina pendekezo dogo, ambalo nimelijaribu na wanafunzi wangu. Chukueni masharti ya matumizi ya mchezo mmoja wowote wenye tuzo, yale marefu ambayo kila mtu huyakubali bila kusoma, na mlipe darasa kazi ya kuyatia katika Kiswahili chepesi ambacho mzazi wa Kebirigo angekielewa. Wangu walihangaika kwa juma zima. Sentensi ya kwanza waliyoipigia mstari ni ile iliyosema kwamba kampuni inaweza kubadilisha au kuondoa tuzo wakati wowote bila kutoa sababu. Ya pili ilisema kwamba alama za mchezaji si mali yake. Mwanafunzi mmoja akauliza kama alama si mali, mtu aliyejitengenezea nyingi kwa roboti ameiba nini, na darasa likagawanyika pande mbili mpaka kengele ikalia.